Kinga ya Mbunge si Hisani: Yaliyompata Richard Strode Mwaka 1512

Kila mjadala wa kinga za Bunge, yaani mbunge kutoshtakiwa kwa anayoyasema bungeni, unapoibuka, sisi tunaotoa elimu kwa umma hupokea lalamiko lilelile, kwamba wabunge wamejipendelea. Kuchukia upendeleo ni haki ya mwananchi. Lakini anayesema kinga hii ilitungwa ili watu wakwepe madeni, tafadhali asome kwanza habari za Richard Strode.

Strode aliwakilisha Plympton, mji mdogo wa Devon, Uingereza, enzi za Mfalme Henry VIII. Naye alikuwa mchimbaji wa madini ya bati. Taka za machimbo zilikuwa zikiteremka na mito hadi kuharibu bandari, hivyo akashiriki kupeleka bungeni miswada ya kudhibiti uchimbaji. Wachimbaji wenzake wakamshtaki.

Hapa naomba utulivu, maana utaratibu ndio unaopuuzwa. Wachimbaji wa bati wa Devon walikuwa na mahakama zao wenyewe, katika miji minne: Chagford, Ashburton, Plympton na Tavistock. Kila mahakama ilimtoza faini ya pauni 40, kwa kosa moja. Jumla pauni 160. Kisha akafungwa katika ngome ya Lydford, shimoni chini ya ardhi, kwa mkate na maji, zaidi ya wiki tatu. Alitolewa kwa hati ya Hazina ya Mfalme kwa kuwa alikuwa mkusanyaji wa kodi. Narudia: ukusanyaji kodi ndio uliomtoa. Ubunge haukumsaidia kitu.

Ndipo Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu zile, na kubatilisha mashtaka yoyote dhidi ya mbunge, wa wakati ule au wa baadaye, kwa sababu ya mswada au hoja yake bungeni. Hata hivyo, wabunge walipokamatwa mwaka 1629 chini ya Mfalme Charles I, majaji walisema sheria ile ilimhusu Strode peke yake. Mwaka 1667 Bunge la Makabwela likaazimia kuwa ni ya wote, na Sheria ya Haki ya 1689 ikaweka kwamba mijadala ya Bunge haihojiwi mahakamani wala popote nje ya Bunge.

Msomaji wa Tanzania afungue Ibara ya 100 ya Katiba. Atayakuta maneno yanayokaribiana sana na hayo: uhuru wa majadiliano "hautavunjwa wala kuhojiwa". Madeni hayamo.