Akili Hisia na Akili Jamii: Zinapokutana na Zinapoachana

Akili hisia ni kujua kilichomo moyoni, chako na cha mwenzako, na kukiongoza. Akili jamii ni pana zaidi: ni kusoma watu, mazingira na nafasi ya kila mmoja, kisha kutenda ipasavyo. Mwanasaikolojia Edward Thorndike aliandika juu ya akili jamii mwaka 1920. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer walipoeleza akili hisia mwaka 1990, waliiweka ndani ya akili jamii.

Lakini sehemu moja inaweza kudumaa nyingine ikistawi. Yupo anayechangamsha kila kikao, na bado akikosolewa kidogo analipuka. Yupo pia anayezijua hisia zake barabara, ila haoni kwamba anayemsimulia ameshachoka.

Tazama hapa. Msimamizi anasema mbele ya watu, "Ripoti hii irudie." Mfanyakazi anajibu kwa ukali. Kilichompanda kwanza ni fedheha, hasira ilifuata. Kwa kuwa hakuitambua fedheha, alimsoma msimamizi kwa macho ya hasira, akaona dharau mahali ambapo pengine palikuwa na haraka tu. Kosa la kijamii lilizaliwa na kosa la kihisia, na mara nyingi huwa hivyo.

Kwa hiyo anza na mwili: taya limekaza? Pumzi imekuwa fupi? Kisha ipe hisia jina lake hasa. "Nimekasirika" haitoshi, maana hamaki hutaka muda ipoe, kinyongo hutaka mazungumzo. Kuitaja hisia mara nyingi hupunguza makali yake. Ndipo umgeukie mwenzako, ukitenga ulichokiona na unachokikisia. "Mbona umenuna?" tayari ni hukumu. Sema, "Naona umenyamaza tangu nilipoongea. Kuna neno lililokukwaza?"

Wengi hudhani kujitawala ni kukaza uso. Kazi ya kuficha hisia hula umakini, na anayejibana hutoka kwenye mazungumzo akikumbuka machache ya yaliyosemwa. Hisia yenyewe bado inamchemka ndani. Ni heri kuomba nafasi: "Nipe dakika 20, nitarudi tuongee." Na urudi kweli, kwa muda uliousema. Usiporudi, mwenzako atajua ulikimbia, na siku nyingine ukiomba hizo dakika hatakupa.