Nyimbo za Kijapani za machweo: mnavyodhani na ilivyo

Huzuni ya jua kuzama kwenye nyimbo za Kijapani, sehemu kubwa tumeiweka sisi wasikilizaji. Nyimbo zenyewe mara nyingi zinasema tu jamani giza linaingia, twendeni nyumbani. Nasema hivi manake kila ukipita YouTube kwenye video yenye melodi hizo na picha ya reli na mawingu ya rangi ya machungwa, komenti ni zilezile, mara ooh hii ni ngoma ya kale, mara ni wimbo wa msiba, mara imetungwa kwa ajili ya anime fulani, zile katuni za Kijapani. Tuzipitie, zingine nitazigusa tu.

"Zina huzuni kwa sababu ziko kwenye maina"

Hapana bana. Mlioimba kwaya mtanielewa fasta. Chukua Yuyake Koyake, moja ya nyimbo za machweo zinazojulikana zaidi kule, afu chukua Akatombo, ule wa kereng'ende mwekundu. Zote mbili ni meja, ile skeli ya uchangamfu, sio maina inayosikika ya huzuni, na noti zake ni do re mi so la peke yake, fa na ti hazimo kabisa. Skeli hiyo ilishika sana Japani baada ya shule zao kuanza kufundisha muziki wa kizungu mwishoni mwa karne ya 19, na kwa kuwa ti haipo, ule mvuto wa nguvu wa kurudi do nao haupo, melodi inaelea tu, na mi naona huko kuelea ndo sisi tunakusikia kama majonzi. Maneno je? Jua limekuchwa, kengele ya hekalu mlimani inalia, tushikane mikono turudi pamoja na kunguru. Ubeti wa pili watoto washaondoka, mwezi mkubwa wa mviringo umetoka, ndege wadogo wanaota ndoto zao na nyota zinameta. Hakuna aliyekufa hapo.

"Ni nyimbo za kale, hazina mwenyewe"

Hii ndo inanikera kuliko zote, manake wenyewe wapo na majina yao yanajulikana. Maneno ya Yuyake Koyake aliyaandika Nakamura Uko mwaka 1919, mwalimu wa shule ya msingi Tokyo aliyezaliwa kijiji cha Ongata, siku hizi kiko ndani ya mji wa Hachioji. Muziki ni wa Kusakawa Shin na wimbo ukachapwa kwenye kitabu 1923. Sasa sikia, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likapiga tetemeko kubwa la Kanto, Tokyo ikaungua vibaya na nakala nyingi za kile kitabu zikaenda na moto, zikabaki chache tu zilizokuwa zimeshafika kwa watu, na ni hizo chache zilizoufanya wimbo uendelee kuimbwa. Kwaiyo "wimbo wa kale" una miaka mia na kidogo. Ni zao la wimbi la nyimbo za watoto lililoanza na jarida la Akai Tori mwaka 1918, la mwandishi Suzuki Miekichi, ambaye aliziona nyimbo za shule za serikali ni kavu, mawaidha matupu, akawataka washairi wa kweli wakae chini wawaandikie watoto. Leo ukipanda treni stesheni ya Hachioji melodi inayopigwa treni ikitaka kuondoka ni hiyohiyo ya Nakamura, mtoto wa hapohapo.

"Akatombo ni mtoto anafukuzwa na kereng'ende, afu dada yake anaolewa"

Hapa hata Wajapani wenyewe wanateleza, manake kwa masikio tu "kufukuzwa" na "kubebwa" kwao vinatamkwa sawa. Mtoto amebebwa mgongoni. Miki Rofu, aliyeandika maneno ya wimbo, alizaliwa Tatsuno, mkoa wa Hyogo, mwaka 1889, wazazi wakaachana akiwa mdogo, mama akaondoka, yeye akabaki kulelewa upande wa babu yake na aliyekuwa anambeba ni yaya. Kwaiyo anachokumbuka ni kereng'ende aliowaona akichungulia juu ya bega la yaya wakati mbingu imekuwa nyekundu. Na yule binti anayeolewa akiwa na miaka 15 si dada, ni yaya huyohuyo, na baada ya hapo habari za kutoka kijijini zikakatika.

Cha ajabu hata hakuuandikia Tatsuno. Ilikuwa 1921, yuko Hokkaido huko kaskazini kabisa anafundisha kwenye monasteri ya Watrapisti (watawa wa Kikatoliki) karibu na Hakodate, akamwona kereng'ende katua kwenye ncha ya ufito nje ya dirisha, utoto wote ukamrudia. Melodi akaja kuiweka Yamada Kosaku, aliyesomea muziki Berlin, mwaka 1927. Huzuni humu ipo, siwezi kubisha, ila ni ya kumkosa yaya na mama, jua ni taa ya nyuma tu. (Afu hawa kereng'ende wenyewe, ile aina ya kawaida kule hupanda milimani wakati wa joto na kushuka mabondeni baridi ikikaribia, na wakishuka ndo wanakuwa wekundu kwelikweli, kwaiyo msikilizaji wa Japani akisikia tu jina la wimbo anajua ni msimu gani.)

"Ile melodi ya jioni mitaani ni mapambo, ya kuleta hisia"

Mmeisikia kwenye anime, watoto wanacheza uwanjani, spika inalia kwa mbali, kila mtu anaokota begi lake. Ile spika ni ya halmashauri, ni mtandao wa matangazo ya majanga, na melodi ya kila siku pamoja na kuwaita watoto nyumbani ina kazi ya kuhakikisha spika zinafanya kazi, siku tetemeko au tsunami ikija zisije zikakaa kimya. Tarehe 11 Machi 2011, siku ya tsunami kubwa, pale mji wa Minamisanriku wafanyakazi wa halmashauri walitumia mtandao kama huo kuwaambia watu wakimbilie juu, wakaendelea kutangaza mpaka maji yanalifikia jengo lao. Hao ndo wenye spika mnazoandikia "so aesthetic", yaani inapendeza kweli.

Na sio wimbo mmoja nchi nzima. Kila halmashauri inachagua wake, wengi Yuyake Koyake, wengine Nanatsu no Ko ule wa kunguru, wengine Akatombo. Muda nao hautulii, sehemu nyingi wanaupiga saa kumi na moja jioni ila wapo wanaouwahisha mpaka saa kumi na nusu msimu wa baridi, manake Tokyo Desemba jua linazama saa kumi na nusu hivi wakati Juni linafika mpaka saa moja. Sisi ambao jua letu mwaka mzima halitoki mbali na saa kumi na mbili tungeshangaa mtoto kuitwa ndani saa hizo.

"Ule mwingine, jua linazama nyuma ya milima ya mbali, ni wa Kijapani asilia"

Huo ni wa Mcheki. Ni sehemu ya pili ya simfoni namba 9 ya Dvořák, iliyopigwa mara ya kwanza New York Desemba 1893. Maneno ya Kijapani ni ya Horiuchi Keizo, na watoto wanauimba kambini wakizunguka moto. Wamarekani nao wana dhana yao, eti Dvořák aliokota wimbo wa kiroho wa watu weusi, wakati Goin' Home, wimbo wenyewe wanaousema, ni melodi hiyohiyo ya simfoni iliyowekewa maneno na mwanafunzi wake William Arms Fisher mwaka 1922, simfoni ina karibu miaka 30.

"Siti pop ndo muziki wa machweo ya Japani"

Siti pop ni ile pop laini ya mjini ya Kijapani ya miaka ya 70 na 80. Mayonaka no Door ya Matsubara Miki ya 1979, mnayoiwekea picha za jua likizama baharini, inazungumzia usiku wa manane. Jina lenyewe limeshasema, mayonaka ni usiku wa manane. Na kava la albamu ya A Long Vacation ya Ohtaki Eiichi, 1981, kazi ya mchoraji Nagai Hiroshi, ni bwawa la kuogelea mchana kweupe.

"Wimbo wa machweo wa Anita Mui, Wajapani waliiga"

Ni kinyume chake. Melodi ni ya Makaino Koji, na kwa Kijapani aliyeimba Yuyake no Uta ni Kondo Masahiko. Hong Kong mwaka 1989 ikachukuliwa na waimbaji wadada wawili wa hukohuko kwa mpigo, Anita Mui na Priscilla Chan, kila mmoja na maneno yake, mashabiki wakagombana wee. Huyu Chan maneno yake ni ya kuagana, na kweli alikuwa anaenda kusoma Marekani. Mui ndo alibaki na jua linalozama, na ndo wimbo aliofungia tamasha lake la mwisho Novemba 2003 akiwa na gauni la harusi, saratani ikamuua tarehe 30 Desemba. Kwaiyo mkitaka wimbo wa jioni unaoruhusu kulia chukueni huo, ila Yuyake Koyake waachieni watoto na kunguru wao.