Baridi ikiingia, fungua dirisha

Msimu wa baridi ukianza, wazazi huniletea watoto waliofungwa nguo kama marobota. Mimi ni muuguzi wa watoto, na kabla hata sijauliza mtoto anaumwa nini, hupitisha vidole nyuma ya shingo yake. Mara nyingi nakuta jasho. Mama mmoja alikuja na binti wa miezi saba aliyelia njia nzima. Tulimvua kofia na sweta mbili, na haikupita robo saa akawa amelala. Mama alikuwa amegusa vidole vya mwanawe akavikuta vya baridi, akamwongezea nguo. Vidole vya mtoto mchanga hupoa hata mwili ukiwa na joto la kutosha. Mguse shingoni au kifuani.

Lakini nguo ni jambo dogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni madirisha.

Mafua huletwa na virusi, na virusi hutoka kwa watu. Baridi inatusukuma sote ndani, tunafunga kila upenyo, kisha tunapumuliana hewa ileile kuanzia jioni hadi asubuhi. Ni kawaida mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na mengi huangukia miezi hii. Kwa hiyo kama wako hajakauka kamasi tangu baridi ianze, usijilaumu. Wala si kosa lako kumpeleka nje kucheza. Nje ndiko hewa inakotawanyika.

Halafu kuna ukavu. Hewa ya nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo, ilhali ile ya nyuzi 20 huweza kubeba 17. Ukiipasha moto hewa ya nje bila kuiongezea maji, inabaki na kiu, na kiu hiyo huikata kwenye midomo, ngozi na utando wa pua za wanao.

Utauliza: sasa nikifungua dirisha, si ukavu utazidi? Utazidi kidogo, ndiyo maana nashauri dirisha lifunguliwe wazi kabisa kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili tatu kwa siku, badala ya kuachwa na mwanya mchana kutwa. Kuta na samani hutunza joto, hivyo chumba hupata moto tena upesi. Kisha punguza hita. Chumba cha kulala chenye nyuzi 18 hadi 20 kinatosha, na kadiri unavyopunguza moto ndivyo hewa inavyopungua ukavu. Ukiona maji yanatiririka kwenye vioo kila asubuhi, basi unyevu umepita kiasi na kuvu haiko mbali.

Mtoto wa miezi ya mwanzo hupumua hasa kwa pua. Pua ikiziba hawezi kunyonya, kwa sababu anatakiwa kunyonya na kupumua kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huachia titi na kulia. Tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya duka la dawa katika kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, husaidia sana. Na kitandani, aliye chini ya mwaka avae nguo za kulalia za kutosha, bila blanketi la kumfunika uso wala kofia.

Jiko la mkaa lisiingie chumbani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Familia hulala na isiamke.

Mafua ya kawaida yanauguzwa nyumbani. Ila mtoto wa chini ya miezi 3 akifika nyuzi 38, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kikohozi, mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa aliye chini ya mwaka, 40 hadi atimize miaka 5. Akifikia idadi ya umri wake, naye mpeleke hospitali. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, usimalize hata kuhesabu. Ondokeni.