Mwanasesere mwenzi, na ugumu wa kumfanya roboti

Mwanasesere mwenzi ni mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima, ambaye mwenyewe huishi naye nyumbani kama mwenzake. Mwili ni wa silikoni au plastiki laini inayovutika, na ndani mna kiunzi cha chuma chenye viungo vinavyokunjika. Wapo wanaomnunua kwa ajili ya ngono. Wapo pia wapweke wanaotaka wa kumvalisha, kumpiga picha na kuketi naye jioni, na hao hawastahili kuchekwa. Kuishi naye kuna kazi: kumwogesha, kumpaka poda ngozi isinate, kumwepusha na nguo zinazochuja rangi, na kumbeba. Wengi wana kilo 30 na zaidi.

Kumfanya roboti ni kumtia mota, vihisi na programu ili asogee na kujibu. Kichwa ndicho kilichotangulia. Harmony, kichwa kilichoundwa na Abyss Creations ya Marekani, kilipotoka kilipepesa macho, kiligeuka na kuzungumza, ilhali kiwiliwili hakikusogea. Kisa ni ngozi. Mkono wa silikoni ni mzito, na kila ukikunjwa ngozi huvuta kurudi ilipokuwa. Ukiweka mota kubwa zaidi, nayo huongeza uzito, hudai betri kubwa, hupiga kelele, na hutoa joto ambalo silikoni hulizuia lisitoke. Kwapani ngozi inayokunjwa kila siku huchanika. Tena mkono wenye nguvu ya kujiinua una nguvu ya kumuumiza aliyelala kando yake.

Kikwazo kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, kimo ndani yetu. Mwaka 1970 Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, alieleza kwamba kitu kikizidi kufanana na binadamu hutuvutia zaidi, mpaka kinapokaribia kabisa; hapo kasoro ndogo hutusisimua mwili kwa hofu, na mwendo huzidisha hali hiyo. Mwanasesere aliyetulia hupewa uhai na mawazo ya anayempenda. Midomo ikichezacheza maneno yakiwa yameshapita, mawazo hayo hukatika. Takanori Shibata, mhandisi wa Japani, alikwepa mtego huu alipounda Paro, roboti ya kuliwaza wagonjwa yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini ambaye wachache wamewahi kumpakata, hivyo hawana wa kumlinganisha naye.

Kisha kuna suala la ukarabati. Silikoni iliyochanika mwenyewe huiziba kwa gundi. Roboti humtegemea mtengenezaji: Sony ilipofunga huduma ya kukarabati mbwa-roboti wake wa zamani, Aibo, mwaka 2014, wenye nao walibaki kutafuta mafundi waliokwisha kuacha kazi na vipuri vilivyong'olewa kwa Aibo wengine.