Noisome haina uhusiano na kelele

Ukikutana na kivumishi cha Kiingereza noisome, jicho hukimbilia noise, nawe unatafsiri "-enye kelele". Sivyo. Kitu noisome ni kile kinachonuka hadi kutia kichefuchefu, au chenye madhara. Mtaro wa maji machafu, utumbo wa samaki uliooza, jalala lililofumuka baada ya mvua: hapo ndipo neno hili linapokaa. Soko lenye makelele ni noisy tu.

Linalopotosha ni sura. Mzizi wake ni noy, neno la kale la Kiingereza lenye maana ya kero au madhara, lililofupishwa kutoka annoy, yaani kuudhi. Ile -some ya mwisho ndiyo ileile ya tiresome, "-a kuchosha". Maana ya kwanza basi ilikuwa "-a kudhuru". Uvundo ulikuja baadaye, ukalitawala neno.

Ushahidi ninaoupenda zaidi umo katika Zaburi 91:3. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inataja noisome pestilence. Mstari huohuo, katika Kiswahili cha Union Version, unasema "tauni iharibuyo". Tauni haipigi kelele. Inaharibu, na Kiswahili kimelisema hilo waziwazi.

Siku hizi neno hili ni la vitabuni zaidi kuliko la mazungumzo, na hukaa vizuri zaidi kwenye harufu na hewa. Ukiandika kwamba majirani zako ni noisome kwa sababu wanapiga muziki usiku, msomaji ataelewa kwamba wananuka.