Kahawa ya barafu na pasheni: maneno ya mtaani na ya kweli

"Mbeya na baridi hii, kahawa ya barafu ya nini?" Juni na Julai sawa, hata mi siigusi, ila njoo mwezi wa kumi jua la saa nane pale Mwanjelwa na vumbi lake uniambie kama utaagiza chai ya moto. Hilo tuliache, kuna mengine watu wanayang'ang'ania mpaka wanaharibu kahawa nzuri bure.

La kwanza eti kahawa baridi ni ile iliyobaki asubuhi ukaitupia friji. Hapana jamani. Kahawa iliyoshinda kwenye chupa ya chai inazidi uchungu na harufu imeshaondoka, ukiitia barafu unapata maji ya kahawia tu. Ya barafu unaipika kwa makusudi, nzito karibu mara mbili ya kawaida, maana barafu ikiyeyuka nayo ni maji. Au loweka, gramu 100 za kahawa iliyosagwa chengachenga kwa lita moja ya maji safi ya baridi, funika weka friji masaa 12 mpaka 16 alafu chuja kwa kitambaa cheupe. Mashine? Hamna haja kabisa, jagi na chujio la chai vinatosha.

Kuna wanaosema maji lazima yatokote kweli kweli la sivyo kahawa haitoki. Huku kwetu hata hakuna cha kubishania, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, sio 100 kama Dar, na kahawa inatoka vizuri kati ya 90 na 96, kwahiyo birika likichemka mimina tu. Kinachoharibu ni kuiacha inatokota jikoni dakika kumi na unga wake kama chai ya msibani.

Alafu hii ya "kahawa nyeusi tii ndo kali" inaniudhi sana. Arabika, ile aina ya kahawa ya Mbozi, ikitayarishwa vizuri ina kauchachu kake ka matunda toka shambani, na kahawa yenyewe si ni tunda, pita Vwawa huko huko Mbozi wakati wa mavuno uone zilivyoiva nyekundu. Sasa mtu anaikaanga mpaka inavuja mafuta, uchachu wote unakufa inabaki ladha ya mkaa, na kafeini, ile inayokuchangamsha, wala haiongezeki. Kwa kuchanganya na tunda ikaange wastani. Anayetaka ukali achukue Robusta, aina nyingine ya kahawa, ya Kagera, kafeini yake ni karibu mara mbili, ila uchungu wake na pasheni hawaelewani.

Ladha nayo watu wanadhani ni sirapu ya dukani ya bei mbaya. Kikombe kimoja cha juisi nzito ya pasheni, nusu kikombe cha sukari, moto mdogo, koroga mpaka sukari iishe, epua kabla haijatokota sana. Ndo sirapu hiyo. Sukari ya kawaida ukiitia kwenye kitu cha baridi inabaki chini inakwaruza tu. Tia vijiko vitatu kwenye glasi, barafu mpaka juu, alafu kahawa polepole, utaona njano inabaki chini na nyeusi inakaa juu mpaka ukoroge mwenyewe. Peasi na mapichi ya Njombe yanafaa pia, ila yachemshe na maji kidogo kwanza ndo uchuje.

Kuhusu maziwa, kuna wanaoapa kwamba kahawa, pasheni na maziwa pamoja ni sumu. Sio sumu, ni maziwa yamekatika kwa sababu ya uchachu, kama vile asidi inavyogandisha mtindi. Halikuui ila glasi inakuwa na mabonge, hutaitamani. Nanasi bichi ndo balaa zaidi maana lina kimeng'enya kinachokula protini ya maziwa, likikaa humo kidogo tu kinywaji kinakuwa kichungu, ukilichemsha kwanza kimeng'enya kinakufa. Unataka maziwa lazima? Tumia ndizi mbivu au parachichi la Tukuyu, hayo hayana ugomvi.

Eti pia ya baridi haina nguvu. Kafeini haijali baridi, na ile ya kulowekwa inaweza kukuzidi kabisa. Mtu mzima asivuke miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200, na watoto msiwape eti kwa sababu inafanana na juisi.

La mwisho ni barafu. Wengi wanaamini kugandisha kunaua vijidudu, hakuui, vingi vinalala tu na barafu ikiyeyuka vinaamka, na taifodi inapita humo humo. Chemsha maji kwanza ndo ugandishe, au gandisha kahawa yenyewe kwenye vimfuko vidogo, hapo hata ikiyeyuka kinywaji hakizimuki. Na umeme ukikatika usiku kucha, ile kahawa ya frijini uliyoshaichanganya na tunda mwaga.