Je, unga wa mbao unaweza kupotelea nyuma ya jicho?

Pale Mafinga, mkoani Iringa, kiangazi kikishika na upepo ukaanza, anayefanya kazi kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, hakosi siku ya kuingiwa na unga wa mbao jichoni. Ushauri nao hauchelewi. Huyu anasema upulizwe, yule anasema ulambwe, na lazima atokee mzee wa kukutisha kwamba ukizembea, kibanzi kitazunguka nyuma ya jicho mpaka kwenye ubongo.

Hakiwezi. Njia hiyo imezibwa na utando uitwao konjaktiva.

Simama mbele ya kioo, uvute chini kope lako la chini. Ile nyama laini nyekundu yenye unyevu ndiyo konjaktiva, na ndipo daktari anapochungulia akihisi umepungukiwa damu. Utando huo unashuka ndani ya kope, ukifika chini unajikunja, kisha unapanda juu ya weupe wa jicho mpaka ukingoni mwa konea, kile kioo cha mbele. Juu ya weupe huuoni kwa kuwa ni mwembamba na unapitisha mwanga. Unachoona ni vijishipa vyake vya damu, ambavyo vikitanuka tunasema mtu ana macho mekundu. Kope la juu limeumbwa hivyo hivyo. Kwa hiyo nafasi iliyo kati ya kope na jicho ni kama mfuko wa kanzu: mkono unaingia, unagota chini, basi.

Kwa nini basi utando usikazwe tu, mfuko usiwepo? Jicho lingeshindwa kugeuka. Pale unapojikunja umeachwa legelege makusudi, ili ukitupa macho kushoto au kulia uwe na pa kunyookea.

Mfuko wa juu una kina kuliko wa chini, na ndio wenye vituko. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilieleza kisa cha mama wa miaka 67 aliyekuwa akiandaliwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Madaktari walimkuta na lenzi za kuvaa machoni 17 zilizogandamana kwa ute, kisha wakapata nyingine 10. Mwenyewe alidhani ni ukavu wa macho na uzee. Lenzi 27, na hakuna hata moja iliyopenya kwenda nyuma!

Kibanzi chako mara nyingi hakifiki hata huko. Ndani ya kope la juu, milimita 2 hivi kutoka ukingoni, kuna kifereji chembamba, na chembe hupenda kukwama humo. Kila ukipepesa inaikwaruza konea, ambayo imejaa neva za maumivu. Ndiyo maana mtu huapa kitu kimo katikati ya jicho, kumbe kimebebwa na kope. Ukienda zahanati, mhudumu atakwambia utazame chini, atashika nywele za kope, ataegemeza kijiti cha pamba juu ya kope na kuligeuza nje. Chembe ya paini hiyo hapo, ndogo kuliko kichwa cha pini! Anaipangusa kwa pamba yenye maji, unatazama juu, kope linajirudi lenyewe.

Vumbi la kawaida halihitaji yote hayo. Konjaktiva ina seli za kutoa ute, na ute huo ukichanganyika na machozi hunasa vumbi na kulisogeza kwenye kona ya ndani, karibu na pua. Sehemu ya tongotongo unazonawa asubuhi ni mzigo huo. Saidia kwa maji safi mengi. Ukifikicha, utando unafura na konea inazidi kuchubuka.

Jambo moja tu ndilo ningemuunga mkono yule mzee kuogopa: chuma. Kipande kinachoruka kutoka kwenye grenda ya kunolea msumeno kina kasi ya kutoboa jicho lenyewe, na konjaktiva haina ubavu wa kukizuia. Hapo usifikiche, usioshe, wala mtu asikugeuze kope. Funika jicho bila kulikandamiza, uwahi hospitali.